Skizofrenia: Daktari akimaliza, familia ndiyo inaanza

Kutoka Mchafukoge hadi Hospitali ya Taifa Muhimbili si safari ya kufunga mizigo. Unashika njia ya Upanga, na foleni ikikuhurumia, umeshafika. Lakini kwa familia nyingi za katikati ya Dar es Salaam, njia hiyo fupi huchukua miezi, wakati mwingine miaka. Kabla hajafika kwa daktari wa akili, mgonjwa ameshasomewa na sheikhe, ameombewa na mchungaji, amepandishwa basi kwenda kwa mganga wa Bagamoyo au Tanga, amefukizwa, ameogeshwa na kufungwa hirizi. Akiba imekwisha. Ndugu wameshatuhumiana. Na kijana bado anazungumza na watu ambao wenzake hawawaoni.

Siku daktari anapotamka jina la ugonjwa, skizofrenia, nyumba nzima huwa hoi. Wapo wanaodhani wamefika: ugonjwa umejulikana, dawa imeandikwa, kilichobaki ni kumeza na kupona. Hapo ndipo wengi wanapokwama. Mgonjwa hukutana na daktari kwa muda mfupi, pengine mara moja kwa mwezi, na siku zote zilizobaki yuko nyumbani. Anayempa dawa ni dada yake. Anayeona kwamba jana hakulala ni mama yake. Anayemfokea au kumtuliza ni baba, mjomba au shemeji. Kwa ugonjwa huu familia ni sehemu ya tiba yenyewe, na bado ni familia chache zilizowahi kufundishwa kazi hiyo.

Unavyoingia nyumbani

Chukulia kijana wa miaka 21 anayemsaidia mjomba wake kwenye duka la jumla la vitenge, upande wa Kariakoo. Ni mwepesi wa hesabu. Anapiga bei ya korija nzima bila kushika kalamu. Taratibu anaanza kubadilika. Anachelewa kufungua duka. Anajifungia stoo bila kuwasha taa. Usiku halali, anazunguka sebuleni mpaka adhana ya alfajiri. Anakataa malipo ya simu kwa sababu, anavyoamini yeye, kila meseji inayoingia inabeba siri zake na kuzipeleka kwa watu. Mteja akiuliza bei mara mbili, huyo kwake ni mpelelezi. Halafu siku moja, katikati ya wateja, anamjibu kwa sauti mtu ambaye hayupo, na mtaa mzima unajua.

Mjomba anasema ni bangi. Mama anasema ni husuda ya biashara, kuna mtu amemtupia jini. Shangazi anakumbuka kwamba babu naye aliwahi kuzungumza peke yake. Kila mmoja ana jibu lake, na kila jibu lina mahali pa kwenda na gharama yake.

Mfano huu nimeutunga kutokana na dalili ambazo madaktari huzitaja kila siku. Skizofrenia mara nyingi hujitokeza mwishoni mwa ujana na katika miaka ya ishirini, na kwa wanaume huwahi zaidi. Shirika la Afya Duniani (WHO) linakadiria kuwa watu milioni 24 duniani wanaishi nayo, yaani mtu mmoja kati ya 300. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 5,383,728 mkoani Dar es Salaam. Tukikipeleka kiwango hicho cha dunia kwenye idadi hiyo, tunazungumzia watu wapatao 18,000. Ni makadirio tu, lakini yanatosha kuonyesha kwamba familia yenye mgonjwa wa aina hii haiko peke yake, hata kama kwenye ngazi za ghorofa lake hakuna anayelizungumza.

Ugonjwa wenyewe ulipewa jina na daktari wa Uswisi, Eugen Bleuler, mwaka 1908. Watu wengi hudhani ni mtu kuwa na nafsi mbili. Sivyo. Ni ubongo kushindwa kutenganisha kinachotoka ndani na kinachotoka nje. Wazo la mtu mwenyewe linasikika kama sauti ya mwingine. Jambo dogo lisilomhusu, gari lililoegeshwa mbele ya mlango au mtangazaji wa redio anayecheka, linakuwa ujumbe uliotumwa kwake. Kwa mgonjwa sauti ile si mawazo. Anaisikia kweli, kama wewe unavyosikia honi ya daladala. Kumwambia "hakuna kitu, acha ujinga" ni sawa na kumwita muongo.

Dalili inayoitwa uvivu

Sauti na shuku ndizo zinazoitisha familia. Lakini kuna upande mwingine wa ugonjwa huu ambao hauna kelele, nao ndio unaovunja nyumba nyingi. Sauti zikishatulia kwa dawa, kijana anaweza kubaki kimya kwa muda mrefu. Haogi mpaka asukumwe. Anakaa kitandani hadi saa saba mchana. Uso hauonyeshi furaha wala huzuni. Hataki kwenda dukani, hataki harusi, hataki hata mpira.

Mtaani kwetu mtu wa hivyo ana jina moja: mvivu. Baba anayeamka saa kumi na moja kuwahi mzigo humtazama mwanaye na kuona mtu mzima anayekula bure. Madaktari wanaziita dalili hizi kwa jina lingine na kuziweka kwenye ugonjwa wenyewe, na dawa zilizopo hazizigusi sana. Familia inayolijua hili huacha kugombana na kijana kwa kosa ambalo hakulitenda. Badala ya kudai arudi kazini wiki ijayo, humpa jambo moja dogo kwa siku: kukunja vitenge kumi, kwenda na mdogo wake kununua mkate, kukaa kibarazani nusu saa. Akiweza, wanampongeza. Asipoweza, kesho ipo.

Nani alaumiwe?

Swali la kwanza nyumbani huwa ni nani amefanya haya. Wengine humtafuta mchawi, wengine humtafuta mzazi. Mama ndiye anayeumia zaidi: alimdekeza, alimwacha kwa bibi, aliolewa tena, alikula kitu fulani akiwa mjamzito.

Lawama hii haikuzaliwa Uswahilini peke yake. Mwaka 1948 daktari Frieda Fromm-Reichmann, aliyekuwa akifanya kazi Marekani, aliandika kuhusu aina ya mama ambaye malezi yake humtia mtoto skizofrenia, na kwa miaka mingi baadaye akina mama wa huko walibebeshwa ugonjwa wa watoto wao na madaktari wenyewe. Nadharia hiyo ilikosa ushahidi ikaachwa. Kinachojulikana leo ni kwamba ugonjwa huu unatokana na mambo mengi yaliyokutana: urithi wa damu, matatizo ya ukuaji wa ubongo tangu mimba na uzazi, misukosuko ya maisha, na kwa baadhi ya vijana, bangi. Mwenye mzazi au ndugu wa tumbo moja mwenye skizofrenia ana uwezekano wa takribani mmoja kati ya kumi wa kuipata. Maana yake tisa hawaipati. Hakuna mama aliyewahi kuuleta ugonjwa huu kwa kudekeza mtoto.

Kwa hiyo kikao cha kwanza cha familia baada ya majibu ya daktari kingefaa kufungwa kwa tamko moja: hapa hakuna mkosaji. Bila tamko hilo, fedha na nguvu za ukoo huishia kwenye kesi isiyo na hukumu, na mgonjwa anabaki pembeni akisubiri.

Kisomo na sindano

Je, waganga na viongozi wa dini watupwe nje? Anayejibu haraka kwamba ndiyo hajui watu wa mji huu wanaishije. Mwaka 2003 watafiti waliochunguza watu wanaohudhuria vituo vya afya na wanaokwenda kwa waganga wa jadi jijini Dar es Salaam walichapisha matokeo yao katika jarida la Uingereza la magonjwa ya akili. Kwenye vituo vya afya asilimia 24 walikuwa na matatizo ya kawaida ya akili, kama sonona na wasiwasi uliopitiliza. Kwa waganga walikuwa asilimia 48. Mgonjwa wa akili wa mjini, basi, mara nyingi yuko kwa mganga. Mfumo wa afya usiomfikia mganga umewaacha wagonjwa wake wengi mlangoni.

Zanzibar nayo ina somo lake. Katika miaka ya 1990 mtafiti wa Marekani, Juli McGruder, aliishi na kufuatilia kwa karibu familia za Kizanzibari zenye wagonjwa wa skizofrenia, wagonjwa waliokuwa wakifahamika katika hospitali ya akili ya Kidongo Chekundu. Aliona familia zikiwapa wagonjwa kombe la aya za Kurani, zikiamini pepo na majini, na wakati huohuo zikitumia dawa za hospitali. Kilichomvutia ni adabu iliyoambatana na imani hiyo. Kwa kuwa ugonjwa ulionekana kuwa mtihani wa Mungu au kazi ya viumbe wasioonekana, mgonjwa hakuhukumiwa kwa tabia yake. Alipozidiwa walimvumilia, alipopata nafuu alirudi kwenye nafasi yake bila maswali. Hawakumtenga na sinia la chakula.

Hili lisieleweke vibaya. Imani hizohizo, mikononi mwa watu wengine, zimewafunga wagonjwa minyororo na kuwanyima chakula ili shetani atoke. Ripoti ya shirika la Human Rights Watch ya Oktoba 2020 ilieleza ufungaji wa aina hiyo katika nchi zipatazo 60 duniani, baadhi yake ni za Afrika. Mganga au mchungaji anayefunga, anayepiga au anayekataza dawa za hospitali, familia imkimbie. Yule anayesoma, anayeombea na kusema "dawa endelea nazo," huyo ni mwenzetu. Na ushahidi upo. Mwaka 2020 jarida la Lancet lilichapisha utafiti uliofanyika Ghana na Nigeria ukiongozwa na Profesa Oye Gureje, ambapo wahudumu wa afya waliwafuata wagonjwa huko huko kwa waganga na kuwatibu kwa kushirikiana nao. Baada ya miezi sita, wagonjwa hao walikuwa na nafuu kubwa kuliko waliobaki na huduma za kawaida. Kisomo na sindano vinaweza kukaa nyumba moja.

Mdomo wa nyumbani

Katika miaka ya 1950 mtaalamu wa Uingereza, George Brown, aligundua jambo lililowashangaza wenzake. Miongoni mwa wanaume waliotoka hospitalini London, waliorudi kwa wazazi au kwa wake zao walizidiwa tena na ugonjwa mara nyingi zaidi kuliko baadhi ya wale waliokwenda kukaa kwenye vyumba vya kupanga. Yeye na wenzake waliendelea kuchunguza kwa miaka mingi. Waliona kwamba tofauti ilikuwa kwenye hali ya nyumba: lawama za kila mara, chuki ya wazi, na upande wa pili, mapenzi ya kumbana mtu mpaka asipumue. Tafiti zilizofuata katika miaka ya 1970 ziliongeza kwamba hatari huwa kubwa zaidi pale mgonjwa na ndugu wa namna hiyo wanapokaa uso kwa uso zaidi ya saa 35 kwa wiki.

Saa 35 kwa wiki! Mchafukoge na Kariakoo, familia ya watu sita inaweza kuishi vyumba viwili juu ya duka, na jikoni ni koridoni. Saa 35 zinaisha kabla ya Jumatano. Ushauri wa vitabu vya Ulaya, wa kumpa mgonjwa nafasi yake, hapa haushikiki hivihivi. Lakini unaweza kutafsiriwa kwa maisha yetu. Mgonjwa apelekwe kwa shangazi Tandika siku mbili kwa wiki. Asubuhi avuke hadi Viwanja vya Mnazi Mmoja atembee na mtu anayemwamini. Mchana akae msikitini au kanisani ambako anajulikana. Apewe kazi ndogo dukani, nyuma, mbali na wateja wengi. Kila saa aliyo nje ya chumba kile inampumzisha yeye, na inampumzisha mama yake.

Namna ya kuzungumza naye pia inafundishika. Sentensi fupi, jambo moja kwa wakati. Sauti ya chini. Kama anasema majirani wamemwekea kamera ukutani, usibishane naye usiku kucha, wala usimkubalie ili yaishe. Sema unachokiona: "Naona umeogopa. Mimi sizioni hizo kamera, lakini nipo hapa na wewe." Ukimkosoa, kosoa jambo, usimkosoe yeye. "Naomba uoge kabla ya chakula" ni ombi. "Unanuka, umetuaibisha" ni jeraha. Na watoto wa nyumbani waambiwe ukweli kwa lugha yao, kwamba kaka anaumwa ubongo kama vile bibi anavyoumwa sukari, ili wasimcheke na wasimwogope.

Dawa juu ya kabati

Dawa ya kwanza iliyoonyesha kuutuliza ugonjwa huu, klopromazini, ilianza kutumika Paris mwaka 1952, katika hospitali ya Sainte-Anne, chini ya madaktari Jean Delay na Pierre Deniker. Hadi leo inatumika nchini pamoja na haloperidoli, risperidoni na olanzapini. Kwa anayesahau au kukataa vidonge ipo sindano ya flufenazini, ambayo wagonjwa wengi wanaifahamu kwa jina la Modecate. Imechanganywa kwenye mafuta, inachomwa kwenye msuli na kujiachia kidogo kidogo kwa wiki tatu hadi nne. Dawa hizi hupunguza nguvu ya kemikali ya ubongo iitwayo dopamini. Usingizi na utulivu vinaweza kuja siku za mwanzo; sauti na shuku huchukua wiki kadhaa kupungua. Familia isiyoambiwa hili hukata tamaa siku ya kumi.

Kisha kuna maudhi ya dawa. Mikono inatetemeka, shingo inakakamaa upande, mate yanatoka, miguu haitulii, mwili unanenepa, usingizi unakuwa mzito. Kijana akijitazama kwenye kioo anaona kituko, na jirani anasema dawa za hospitali ndizo zimemharibu. Hapo vidonge huishia chini ya godoro au kwenye tundu la choo. Lakini maudhi mengi yana ufumbuzi: kipimo kinapunguzwa, dawa inabadilishwa, au inaongezwa nyingine kama Artane ya kutuliza mtetemeko na kukakamaa. Kazi ya ndugu ni kumweleza daktari kile alichokiona. Shingo ikikakamaa ghafla, usisubiri tarehe ya kliniki, nenda hospitali siku hiyohiyo.

Hatari kubwa zaidi huja mgonjwa akipata nafuu. Amelala vizuri, anacheka, amerudi dukani, na kila mtu anasema amepona, aache. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 1999, uliofuatilia wagonjwa baada ya kuugua kwa mara ya kwanza, ulionyesha kwamba kuacha dawa huongeza hatari ya ugonjwa kurudi karibu mara tano. Kuacha au kupunguza ni uamuzi wa kufanywa na daktari, polepole.

Njia rahisi inayosaidia ni daftari la shule la mistari. Likae juu ya kabati pamoja na dawa, lifungwe kalamu kwa uzi. Kila siku mstari mmoja: dawa asubuhi, dawa usiku, amelala saa ngapi, amekula, jambo lolote geni. Ukurasa wa mwisho uandikwe dalili zake za mwanzo za kuzidiwa, maana kila mgonjwa ana zake. Kuna anayeanza kwa kukosa usingizi siku tatu. Kuna anayeanza kuosha mikono kila dakika, au kuzima simu za watu. Siku ya kliniki daftari liende na kadi. Daktari mwenye foleni ya wagonjwa mlangoni ataelewa kwa kurasa nne kile ambacho mama aliyechoka asingekikumbuka.

Na usiku wa kuzidiwa ukifika, mtu mmoja tu azungumze naye, yule anayemsikiliza. Wengine watoke chumbani. Redio na televisheni vizimwe, visu na mikasi viondolewe bila kelele, mlango usizibwe na mwili wa mtu. Akizungumzia kujiua, asipuuzwe. Takribani watu watano kati ya mia wenye ugonjwa huu hufa kwa kujiua, na wengi walikuwa wameonyesha dalili. Kama anakataa hospitali na hali ni ya hatari, Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2008 imeweka utaratibu wa kumlaza mtu asiyeweza kujiamulia, na ndugu ni miongoni mwa wanaoweza kuuanzisha. Utaratibu huo uulizwe mapema, mchana, watu wakiwa wametulia.

Anayeuguza naye ni mtu

Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili (MUHAS), akiwamo Masunga Iseselo, walichapisha utafiti waliofanya jijini Dar es Salaam kwa kuzungumza na familia zinazouguza wagonjwa wa akili. Waliyoyasikia ni yale ambayo majirani wanayajua bila kuyasema: fedha kukauka, ndugu kujitenga, kazi na usingizi wa nyumba kuvurugika, unyanyapaa, na tabia za mgonjwa zinazochosha. Familia zilisema zinajimudu kwa njia mbili, kuukubali ugonjwa na kushikamana na dini.

Kukubali na kusali ni nguvu kubwa, ila havigawi zamu. Mara nyingi mzigo wote huangukia kwa mwanamke mmoja: mama, au dada ambaye hajaolewa, ambaye ameacha biashara yake ya vitafunwa ili amchunge kaka. Kaka wengine wanatuma pesa ya sikukuu na kupiga simu kuuliza hali. Kidole kimoja hakivunji chawa. Ukoo ukae na kuandika: nani anampeleka kliniki mwezi huu, nani analipa nauli na dawa zinazokosekana, nani anakaa naye Jumamosi ili dada aende sokoni, nani anampokea kwa wiki moja kila baada ya miezi mitatu. Anayeuguza akikosa usingizi, akipandisha presha, akianza kulia bila sababu, naye apelekwe hospitali.

Kuna njia iliyokwisha kujaribiwa hapa nchini. Watafiti wa MUHAS na Chuo Kikuu cha Duke cha Marekani, wakiongozwa na Profesa Sylvia Kaaya na Joy Noel Baumgartner, waliandaa mpango walioupa jina KUPAA, yaani Kuwezeshana Kupata Uzima, na kuujaribu Muhimbili na katika Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Mbeya. Wagonjwa na ndugu zao walikaa pamoja katika vikundi vya familia kadhaa, wakajifunza ugonjwa na kutatua matatizo ya nyumbani kwa zamu, leo shida ya mmoja, kesho ya mwingine. Mama aliyedhani ni wake peke yake anayezungumza na ukuta anamkuta mwenzake. Vikundi vya namna hii havihitaji mashine. Vinahitaji chumba, viti, muuguzi aliyefunzwa na utaratibu usiokatika. Hospitali za Amana, Temeke na Mwananyamala zinaweza kuvianzisha, na halmashauri zikavifikisha hadi kwenye vituo vya afya vya kata.

Deni la Serikali, deni la mtaa

Nchi hii ina historia ndefu ya kuwaweka wagonjwa wa akili mbali. Wajerumani waliwapeleka Lutindi, katika milima ya Usambara, mwanzoni mwa karne iliyopita. Waingereza wakafungua Mirembe, Dodoma, mwaka 1927, na jina la hospitali hiyo likageuka tusi la mitaani hadi leo. Baada ya uhuru Tanzania ilijaribu kitu cha maana: kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960 vilianzishwa vijiji ambako mgonjwa aliyepata nafuu aliishi na kulima, akiwa karibu na watu. Wazo lile, kwamba mgonjwa apate kazi na jamaa pamoja na dawa, lilikuwa sahihi, na bado ni sahihi.

Sera ya afya inauweka ugonjwa wa akili kwenye kundi la magonjwa ya kudumu yanayostahili msamaha wa malipo. Msamaha huo una maana pale tu dawa inapokuwepo dirishani. Mgonjwa wa skizofrenia akiambiwa "dawa hakuna, njoo wiki ijayo," wiki hiyo moja inaweza kumrudisha alikokuwa mwaka uliopita. Haloperidoli na flufenazini ni dawa za zamani na za bei ndogo. Zisikosekane kwenye vituo vya afya vya katikati ya jiji, hatua chache kutoka sokoni, ili mama asipoteze siku nzima ya biashara kwa ajili ya vidonge vya mwezi.

Wafanyabiashara wa Mchafukoge na Kariakoo nao wana nafasi ambayo daktari hana. WHO inasema angalau mtu mmoja kati ya watatu wenye skizofrenia hupona kabisa, na wengine wengi huishi vizuri wakiwa na dawa. Watu hao wanahitaji kazi: kupanga mzigo, kufunga vifurushi, kuhesabu stoo. Mwajiri akimpa saa nne kwa siku na ruhusa ya siku ya kliniki, amefanya tiba. Mjumbe wa mtaa ahakikishe mgonjwa hapigwi mawe na haitwi chizi. Imamu na padri waseme waziwazi, mbele ya waumini, kwamba dawa ya hospitali haipingani na dua.

Kwa familia ambayo wiki hii imepewa jina hilo zito, ushauri ni huu. Msitafute mchawi, tafuteni daftari. Msimfiche, maana mficha maradhi kifo humuumbua. Kwenye kliniki ijayo waende ndugu wawili badala ya mmoja, na kabla ya kuondoka muulizeni daktari maswali matatu: dalili gani tuziangalie, maudhi gani ya dawa yaturudishe haraka, na usiku akizidiwa tumpeleke wapi. Majibu yaandikwe, na kila mtu wa nyumba hiyo ayajue.